Kwa nini x ya uwiano wa kwanza si x ya uwiano wa pili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, ninajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa baada ya kukaa nje ya shule kwa miaka mingi. Uwiano ninauelewa, na milinganyo miwili ya kutatuliwa kwa pamoja ninaiweza nikipewa ikiwa imekwisha kuandikwa. Shida huja fumbo linapounganisha vyote viwili. Kwa mfano: "Fedha za Asha na za Juma zina uwiano wa 5:3. Asha alimpa Juma shilingi 6,000, uwiano ukawa 7:5. Kila mmoja alikuwa na shilingi ngapi mwanzoni?" Niliandika 5x − 6,000 = 7x, nikapata x = −3,000. Kisha nikaandika 3x + 6,000 = 5x, nikapata x = 3,000. Nimerudia hesabu mara nyingi na sioni kosa. Kosa liko wapi, na je, upo utaratibu mmoja wa kufuata katika mafumbo ya aina hii?

Jibu: Marahaba. Kwanza nikuondoe wasiwasi: kutoa na kugawanya kwako hakuna dosari, na ndiyo maana kurudia hesabu hakukukusaidia. Kosa liliingia kabla ya hesabu kuanza, pale ulipoipa herufi moja kazi mbili.

Tuanze na kile ambacho uwiano unakisema na kile ambacho haukisemi. Fedha za Asha na za Juma zikiwa na uwiano wa 5:3, maana yake ni kwamba fedha zote zikigawanywa katika mafungu manane yaliyo sawa, Asha atachukua matano na Juma matatu. Uwiano hautuambii fungu moja lina shilingi ngapi. Asha anaweza kuwa na shilingi 500 na Juma 300, au mmoja 50,000 na mwenzake 30,000, na uwiano ukabaki ule ule. Herufi x uliyoiandika inasimama mahali pa ukubwa huo wa fungu usiojulikana, kwa hiyo kuandika 5x na 3x ilikuwa sahihi kabisa.

Baada ya Asha kutoa shilingi 6,000, uwiano mpya ni 7:5, yaani mafungu kumi na mawili. Lakini fedha zenyewe hazikuongezeka wala hazikupungua. Zilitoka mfuko mmoja zikaingia mwingine. Kiasi kile kile kilichogawanywa katika mafungu manane sasa kinagawanywa katika mafungu kumi na mawili, kwa hiyo fungu la sasa haliwezi kuwa na ukubwa wa fungu la awali. Ulipoandika 7x ulidai, bila kukusudia, kwamba ukubwa huo haukubadilika: kwamba Asha alikuwa na mafungu matano, akatoa fedha, kisha akabaki na mafungu saba ya ukubwa ule ule. Hilo haliwezekani ila kama fungu lenyewe ni deni, na ndivyo ulivyojibiwa, kwa fungu la −3,000. Mlinganyo wako wa pili ukatoa 3,000. Herufi moja inapokupa majibu mawili yanayopingana namna hii, usitafute kosa katika kujumlisha. Tafuta vitu viwili ulivyoviita kwa jina moja.

Dawa yake ni kulipa fungu la pili herufi yake. Tuliite y. Milinganyo inakuwa:

5x − 6,000 = 7y
3x + 6,000 = 5y

Hii sasa ni ile milinganyo miwili unayosema unaiweza. Ukijumlisha upande wa kushoto kwa kushoto na wa kulia kwa kulia, zile 6,000 zinafutana na kubaki 8x = 12y, au kwa ufupi x = 1.5y. Tazama kwamba mstari huu unarudia kwa herufi jambo tulilokwisha kulisema kwa maneno, kwamba mafungu manane ya zamani yana thamani ya mafungu kumi na mawili mapya. Weka 1.5y mahali pa x katika mlinganyo wa kwanza: 7.5y − 6,000 = 7y, hivyo 0.5y = 6,000, y ni 12,000 na x ni 18,000. Asha alikuwa na 5 × 18,000, yaani shilingi 90,000, na Juma 3 × 18,000, yaani shilingi 54,000. Hakiki kwa kurudi kwenye fumbo lenyewe: baada ya kutoa 6,000 Asha ana 84,000, Juma ana 60,000, na ukizigawanya zote mbili kwa 12,000 unapata 7 na 5.

Ipo njia ya pili ya kuliandika fumbo hilo hilo, na ndiyo ninayowashauri wanaoanza, kwa sababu haihitaji kufikiria mafungu hata kidogo. Badala ya kuyapa majina mafungu, vipe majina vitu vinavyoulizwa. Fedha za Asha mwanzoni ziwe a, na za Juma ziwe j. Uwiano wa kwanza unasema a ukigawanywa kwa j ni sawa na 5 kugawanywa kwa 3. Kila sehemu ina kiasi juu na asili chini; zidisha kiasi cha upande mmoja kwa asili ya upande wa pili, na uwiano unageuka kuwa mlinganyo wa kawaida usio na sehemu: 3a = 5j. Uwiano wa pili unahusu fedha zilizokwisha kubadilika, a − 6,000 na j + 6,000, nao unatoa 5(a − 6,000) = 7(j + 6,000). Ukifungua mabano na kupanga herufi upande mmoja, unapata:

3a − 5j = 0
5a − 7j = 72,000

Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 5 na wa pili kwa 3 ili namba zilizo mbele ya a zilingane: 15a − 25j = 0, na 15a − 21j = 216,000. Toa wa kwanza kutoka wa pili, 4j = 216,000, na j ni 54,000. Kutoka 3a = 5j, a ni 90,000. Majibu ni yale yale, na ingekuwa ajabu yasiwe hivyo.

Makosa mengi katika njia hii hutokea wakati wa kuzidisha huko kwa kupishana. Wanafunzi wengi huona 5:3 na mkono ukaandika 5a = 3j, kwa kuwa tano ya Asha inaonekana ifuatane na herufi ya Asha. Jikague hivi: Asha ana fedha nyingi kuliko Juma, kwa hiyo ili pande mbili zilingane, mwenye nyingi ndiye anayepaswa kuzidishwa kwa namba ndogo. Katika 3a = 5j mambo yako sawa; katika 5a = 3j, Juma amekuwa tajiri kuliko Asha. Jambo la pili ni mabano. Ile 5 inazidisha a na pia inazidisha 6,000. Anayeandika 5a − 6,000 amesema kwamba Asha alitoa shilingi 1,200 tu. Na la tatu, fedha zinapohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kiasi hicho hutolewa upande mmoja na kujumlishwa upande wa pili. Angekuwa Asha amezipoteza njiani, mabadiliko yangekuwa upande wake peke yake, na jibu lingekuwa tofauti kabisa.

Sasa kuhusu utaratibu uliouomba. Katika muhtasari wa Hisabati wa kidato cha kwanza uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, aljebra ilikuwa mada moja na uwiano, pamoja na faida na hasara, ulikuwa mada nyingine; mwanafunzi huzisoma kwa nyakati tofauti, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba kila uwiano ni mlinganyo mmoja uliovaa nguo nyingine. Ukishalikubali hilo, kazi iliyobaki ni kuhesabu. Ukiwa na vitu viwili usivyovijua, unahitaji taarifa mbili zinazojitegemea. Uwiano wa kwanza ni taarifa moja, uwiano wa pili ni nyingine, na jumla, tofauti, bei au umri ukitajwa, hizo nazo ni taarifa. Hesabu taarifa zako kabla ya kuandika chochote. Ukiona uwiano mmoja na jumla moja, pengine huhitaji milinganyo miwili hata kidogo: mtu mwenye sarafu za shilingi 200 na za shilingi 500 kwa uwiano wa 3:2, zote zikiwa na thamani ya shilingi 8,000, anahitaji herufi moja tu, kwa maana kila seti ya sarafu tatu na mbili ina thamani ya shilingi 1,600, na seti ni tano. Kutumia herufi mbili hapo si kosa, ila ni kujipa kazi.

Mafumbo ya umri ni ndugu wa karibu wa fumbo lako, na yana mtego wake. Chukua hili: miaka 6 iliyopita uwiano wa umri wa mama kwa umri wa binti yake ulikuwa 5:1, na miaka 4 ijayo utakuwa 5:2. Wana umri gani sasa? Namba 5 inajitokeza mara mbili upande wa mama, na inamshawishi mtu aamini kwamba 5x ya zamani ndiyo 5x ya baadaye, kana kwamba mama hakuzeeka. Amua kwanza herufi zinasimamia wakati upi, na uandike uamuzi huo: m ni umri wa mama sasa, b ni umri wa binti sasa. Miaka 6 iliyopita walikuwa na m − 6 na b − 6, kwa sababu miaka huwapita wote wawili. Hivyo m − 6 = 5(b − 6), yaani m = 5b − 24. Miaka 4 ijayo watakuwa na m + 4 na b + 4, na uwiano unatoa 2(m + 4) = 5(b + 4). Weka 5b − 24 mahali pa m: 2(5b − 20) = 5b + 20, yaani 10b − 40 = 5b + 20, na b ni 12. Mama ana miaka 36. Zamani walikuwa 30 na 6, baadaye watakuwa 40 na 16, na uwiano wote miwili ya fumbo inatimia.

Linganisha mafumbo haya mawili utaona jambo litakalokusaidia kuyatambua mengine. Katika fumbo la Asha na Juma kitu kisichobadilika ni jumla ya fedha. Katika fumbo la umri kitu kisichobadilika ni tofauti kati ya watu wawili. Mama alimzidi binti kwa mafungu manne (5 toa 1) ya zamani na atamzidi kwa mafungu matatu (5 toa 2) ya baadaye, na ziada hiyo ni miaka 24 nyakati zote mbili. Kwa hiyo fungu la zamani ni miaka 6 na la baadaye ni miaka 8. Mtu aliyezoea hutafuta kwanza kitu kisichobadilika, kwa kuwa ndicho kinachounganisha x na y.

Yapo mafumbo ambamo hakuna jumla wala tofauti ya kushikilia, na hapo ndipo njia ya mafungu inapoishinda njia ya herufi za watu. Mama lishe na fundi cherehani wana mapato ya mwezi yenye uwiano wa 7:5 na matumizi yenye uwiano wa 3:2, na kila mmoja huweka akiba ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukitoa herufi kwa kila kitu kisichojulikana utakuwa na herufi nne, mapato mawili na matumizi mawili, na milinganyo minne. Inatatulika, lakini inachosha. Ukitumia mafungu, mapato ni 7x na 5x, matumizi ni 3y na 2y, na akiba ni mapato kutoa matumizi:

7x − 3y = 60,000
5x − 2y = 60,000

Pande za kulia ni sawa, kwa hiyo 7x − 3y = 5x − 2y, na y = 2x. Weka katika mlinganyo wa pili: 5x − 4x = 60,000, kwa hiyo x ni 60,000 na y ni 120,000. Mama lishe anapata 420,000 na kutumia 360,000. Fundi anapata 300,000 na kutumia 240,000. Hapa hakuna aliyefikiria kwamba x na y ni kitu kimoja, kwa sababu mapato na matumizi ni mambo mawili tofauti hata kwa macho. Katika fumbo lako x na y zilikuwa tofauti vile vile. Kilichokupoteza ni kwamba zote mbili zilihusu fedha za watu wale wale.

Aina nyingine inayostahili kuangaliwa kwa makini ni ya michanganyiko, na mfano ninaoupenda unatoka kwa mafundi ujenzi. Tuseme fundi ana mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga kwa uwiano wa 1:3 kwa uzito, na mwingine hafifu wa 1:7. Anataka kilo 360 za mchanganyiko wa 1:5. Achukue kilo ngapi za kila mmoja? Jibu linalomjia karibu kila mtu ni nusu kwa nusu, maana tano iko katikati ya tatu na saba. Tulihakiki kabla ya kulikubali. Mchanganyiko wa kwanza una sehemu nne kwa jumla, kwa hiyo saruji ni robo ya uzito wake. Wa pili una sehemu nane, saruji ni moja ya nane. Kilo 180 za kila mmoja zina saruji kilo 45 na kilo 22.5, jumla kilo 67.5, na mchanga kilo 292.5. Uwiano huo ni 3:13, ambao una saruji nyingi kuliko 1:5.

Njia sahihi ni kuandika milinganyo. Mchanganyiko wa kwanza uwe kilo p na wa pili kilo q. Mlinganyo mmoja ni wa uzito wote, p + q = 360. Mwingine ni wa saruji peke yake. Mchanganyiko tunaoutaka una sehemu sita, saruji ikiwa moja ya sita, yaani kilo 60; basi p/4 + q/8 = 60. Zidisha wote kwa 8, ambayo ni kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 8, upate 2p + q = 480. Toa mlinganyo wa kwanza, p ni 120 na q ni 240. Saruji ni kilo 30 kutoka kila upande, jumla 60, na mchanga kilo 300. Kilichokuwa kimefichwa ni kwamba 3, 5 na 7 zinapima mchanga kwa kila sehemu moja ya saruji, ilhali tunapochanganya tunajumlisha uzito. Katika kila fumbo la michanganyiko geuza uwiano wa sehemu kwa sehemu uwe sehemu ya kitu kizima kabla ya kujumlisha chochote. Sijaona jambo linalosahaulika zaidi ya hilo.

Umeniuliza pia, kwa namna fulani, kama kurudia hesabu kunatosha kugundua kosa. Hakutoshi, kwa sababu wakati mwingine kosa liko katika fumbo lenyewe. Chukua shule yenye wavulana na wasichana kwa uwiano wa 3:2. Wakaongezeka wavulana 6 na wasichana 4, na uwiano ukabaki 3:2. Walikuwa wangapi mwanzoni? Milinganyo ni 2w = 3s na 2(w + 6) = 3(s + 4). Ukifungua mabano ya wa pili, 12 inajitokeza pande zote na kufutika, na unabaki na 2w = 3s tena. Una milinganyo miwili kwa sura na mmoja kwa maana. Majibu hayana idadi. Sababu yake ni nyepesi: waliokuja nao wana uwiano wa 3:2, kwa hiyo hawawezi kuleta habari mpya.

Mwenye kutunga swali akibadilisha kidogo na kusema uwiano ulikuwa 4:3, mambo yanaharibika zaidi. Mlinganyo wa pili unakuwa 3(w + 6) = 4(s + 4), na ukiutatua pamoja na wa kwanza unapata wasichana −4. Usihangaike kutafuta ulipokosea. Wavulana 3 kwa wasichana 2 ni sawa na mvulana mmoja na nusu kwa kila msichana. Kundi lililoongezeka lina kiwango hicho hicho. Haiwezekani vikichanganywa vitoe 4:3, ambayo ni pungufu. Kanuni yake ni hii: kundi likiongezwa juu ya kundi, uwiano mpya lazima uangukie kati ya uwiano wa zamani na uwiano wa walioongezeka. Unaweza kuitumia kulikagua fumbo kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Vivyo hivyo, jibu la watu, miti au mayai likitoka na nusu, kuna kitu hakiko sawa, ama katika hesabu yako ama katika fumbo.

Kwa kuwa umetaja kwamba umekaa nje ya shule muda mrefu, nakupa fumbo ambalo umri wake unazidi miaka 3,500, ili uone kwamba unachojifunza ni kikongwe. Karibu na mwaka 1550 KK, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili hati ya mafunjo yenye mafumbo mengi ya hesabu. Mskoti Alexander Henry Rhind aliinunua Luxor mwaka 1858, na leo imehifadhiwa British Museum, London. Fumbo la 40 linataka mikate 100 igawiwe watu watano, kila mmoja amzidi anayemfuata kwa kiasi kile kile, na mafungu mawili madogo kwa pamoja yawe moja ya saba ya mafungu matatu makubwa. Yaani kuna uwiano wa 1:7 na kuna jumla ya 100. Kwa herufi zetu, fungu dogo kabisa liwe a na ziada ya kila hatua iwe d. Mafungu mawili madogo ni 2a + d, matatu makubwa ni 3a + 9d, na yote ni 5a + 10d:

7(2a + d) = 3a + 9d
5a + 10d = 100

Wa kwanza unatoa 11a = 2d, na ukiweka 5.5a mahali pa d katika wa pili unapata 60a = 100. Fungu dogo ni mkate mmoja na theluthi mbili, la katikati ni mikate 20, na kubwa ni mikate 38 na theluthi moja. Ahmes hakuwa na herufi. Alichukua fungu dogo kuwa 1 na ziada kuwa 5½, akaandika 23, 17½, 12, 6½ na 1, akajumlisha akapata 60, kisha akazidisha kila fungu kwa 1⅔ ili jumla ifike 100. Alitumia uwiano kwanza kupata umbo la mgawanyo, halafu akatumia jumla kupata ukubwa wa fungu. Ndicho tulichokifanya kwa Asha na Juma tulipopata kwanza 8x = 12y, kisha tukaitumia ile 6,000.

Nimalizie na mambo ya chumba cha mtihani. Maswali utayakuta kwa Kiingereza, na ninakushauri ulisome fumbo mara moja lote, kisha ulieleze upya kwa Kiswahili kichwani kabla ya kushika kalamu; mtego wa nani kwanza na nani wa pili katika uwiano hujificha katika mpangilio wa maneno. Mstari wako wa kwanza kwenye karatasi useme kila herufi inasimamia nini, pamoja na kipimo chake na wakati wake: "Fedha za Asha mwanzoni ziwe shilingi a". Alama za Hisabati kwa kawaida hutolewa pia kwa hatua, na msahihishaji asiyejua a yako ni ya mwanzoni au ya mwishoni hana namna ya kukusaidia. Hakiki jibu kwa maneno ya fumbo, wala si kwa milinganyo uliyoiandika mwenyewe, kwa maana jibu linaweza kutimiza milinganyo isiyo sahihi bila taabu yoyote.

Jaribu hili bila kuangalia nyuma. Katika sehemu fulani, kiasi na asili vikiongezwa 1 kila kimoja, uwiano wa kiasi kwa asili unakuwa 2:3. Vikipunguzwa 1 kila kimoja, unakuwa 1:2. Sehemu hiyo ni tatu ya tano. Ukipata jibu jingine, niandikie milinganyo yako pamoja na maana ya kila herufi, nami nitakuonyesha mahali ilipoachana na fumbo.